Mbwa wangu kazaa wanane, wawili wana kasoro. Niwalee au wachomwe sindano wafe?

Fundi wa Sakina

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa nane usiku nikiwa nimekaa juu ya ndoo jikoni, hapa Sakina, Arusha, na baridi ya Julai ya huku mnaijua. Naomba mnisome mpaka mwisho maana asubuhi natakiwa niwe nimeamua.

Nina mbwa jike, German Shepherd, anaitwa Tausi. Ana miaka mitatu na huu ni uzao wake wa kwanza. Juzi alfajiri kazaa watoto wanane. Sita wako safi, wananyonya mpaka wanafoka. Wawili wana shida.

Wa tatu kuzaliwa, jike, kaakaa lake limepasuka. Kwa nje huoni kitu, mdomo mzima, pua nzima. Nilishtuka jana jioni nilipoona maziwa yanamtoka puani kila akinyonya. Nikamfungua mdomo kwa kidole kidogo, nikamulika na tochi ya simu. Juu katikati kuna ufa unaoanzia karibu na ufizi wa mbele unakwenda hadi kooni. Alizaliwa na gramu 380. Sasa hivi mizani ya jikoni inasema 352, wakati wenzake wote wamepita 450.

Wa nane, dume, hana njia ya haja kubwa. Chini ya mkia ni ngozi tupu. Tumbo limeanza kujaa, analala mbali na wenzake, na Tausi anamsukuma kwa pua kama anaondoa kitu kisicho chake.

Jirani yangu kasema niwatie wote wawili kwenye kiroba niwapeleke mtoni, kwamba ndivyo watu wanavyofanya. Mke wangu kasema nikitoka na kiroba hapa nisirudi. Binti yangu wa darasa la sita kishampa wa tatu jina, anamwita Pendo. Mimi ni fundi seremala, sijawahi kulea hata kifaranga. Naomba mnishauri kama ndugu.

Mzee wa Usa

Kijana, pole. Nimefuga mbwa wa ulinzi tangu nikiwa na umri wako na sasa nina wajukuu. Mama ndiye anayejua. Akimsukuma mtoto pembeni, kaona kitu ambacho wewe hukioni. Mwache afanye kazi yake, wewe lea hao sita wapate maziwa ya kutosha. Sisemi kwa ukatili. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na mtoto ambaye angejifia siku ya kwanza.

Daktari wa Ng'ombe

Shikamoo Mzee. Kwa heshima zote, hapo nitatofautiana nawe kidogo. Mama humsukuma mtoto mwenye kasoro, ni kweli, lakini humsukuma pia mtoto aliyepoa tu. Mtoto mzima kabisa akipata baridi mama anamkataa, ukimpasha moto ukamrudisha anamlamba kama kawaida. Nimeliona hilo mara nyingi, kwa hiyo pua ya mama peke yake siitumii kuamua nani afe.

Fundi, mimi ni daktari wa mifugo, shughuli yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa ila mbwa nawatibu pia. Usiwaamulie hao wawili kwa pamoja. Kesi zao hazifanani hata kidogo.

Huyo wa nane ndiye wa haraka. Wakati mwingine ni ngozi nyembamba tu imeziba tundu. Ukibonyeza tumbo taratibu, pale chini ya mkia panatuna, na daktari anaweza kupafungua. Wakati mwingine utumbo wenyewe umeishia juu huko ndani, hapatuni kitu, na upasuaji wa mtoto wa siku mbili asiyefika hata nusu kilo ni kumtesa bure. Mpeleke asubuhi mapema. Usingoje mchana, tumbo likishakaza ni maumivu makali. Na hicho kiroba usikiguse. Kitoto kichanga cha mbwa kinavumilia kukosa hewa kwa muda mrefu kuliko mbwa mkubwa, kwa hiyo majini hakifi upesi kama watu wanavyodhani, kinateseka. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza mateso ya namna hiyo, lakini hata isingekuwepo ningekuomba hivi hivi.

Huyo wa kaakaa ana nafasi, ila nikwambie ukweli kwamba ni nafasi nyembamba na inalipiwa kwa usingizi wako. Kinachowaua si huo ufa wenyewe. Maziwa yanapanda puani, yanaingia kwenye mapafu, anapata nimonia. Kwa hiyo kuanzia usiku huu asiguse chuchu tena. Atalishwa kwa mpira laini unaopita mdomoni hadi tumboni, ule ule wanaolishia watoto njiti hospitalini, namba 5 au 8. Pima kuanzia ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, weka alama ya plasta hapo, ndio mwisho wa kuingiza. Alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Akilia wakati mpira uko ndani, shukuru, maana haujaingia kwenye njia ya hewa. Mililita 10 hadi 12 kwa uzito wake, kila baada ya saa tatu, mchana na usiku.

Ila kabla ya maziwa ni joto. Mguse tumbo na mdomo. Akiwa wa baridi usimlishe, utumbo wa mtoto aliyepoa umesimama, maziwa yatachachia humo humo. Boksi lake liwe nyuzi 29 hadi 32 wiki hii ya kwanza. Taa ya vifaranga au chupa ya maji moto iliyofungwa taulo vinatosha, na mwachie kona isiyo na joto ili aweze kujisogeza mwenyewe.

Na unijibu haya: Tausi alikula dawa yoyote akiwa na mimba changa? Na dume aliyempanda ni wa ukoo gani?

Mchungaji Nakuru

Habari za huko majirani. Mimi niko Nakuru, Kenya, na nimepitia hilo la kaakaa miaka mitatu iliyopita na mtoto wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi. Nilimlisha kwa mpira wiki nne. Baadaye akaanza kula chakula kilicholowekwa kikakazwa, unakiviringa vidonge vidogo, anameza bila maji kuingia puani. Alipofika miezi minne akafanyiwa upasuaji, mshono ukaachia, akarudiwa mara ya pili ndipo ukashika. Leo ni mbwa mkubwa anabweka hadi bondeni. Lakini uniamini Fundi, mimi na mke wangu tulipokezana usiku, na dada yangu alihamia kwetu kwa ajili hiyo. Kama uko peke yako, jiulize kabla hujaanza: saa tisa usiku ya siku ya kumi ni nani ataamka?

Mama Nuru wa Tanga

Assalaam aleikum wanangu. Mimi mbwa simfugi, dini yangu mnaijua, ila nimesoma uzi huu hadi machozi. Sisi tulifundishwa tangu chuoni habari ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake, akapanda nacho amekiuma kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu. Mungu akamsamehe madhambi yake kwa kile kiatu kimoja cha maji. Mwanangu Fundi, huruma unayo, isingekuwepo usingekaa juu ya ndoo saa nane usiku. Ila huyo mdogo tumbo linalomuuma, kumpumzisha nako ni huruma. Usijione muuaji.

Fundi wa Sakina

Asanteni sana. Mama Nuru, shikamoo, nimemsomea mke wangu maneno yako.

Nimefika kwa daktari wa mifugo wa hapa mjini saa moja na nusu asubuhi. Kambonyeza wa nane tumbo, chini ya mkia hapakutuna. Kampapasa, kaniambia utumbo haujafika huku chini. Akaniuliza kama nataka kutoka nje. Nikabaki. Nilimshika mwenyewe kwenye kiganja, alikuwa anaenea kiganjani na kichwa kimelala kwenye kidole gumba changu. Sindano ilikuwa ndogo sana. Moyo wake nilikuwa nausikia kwenye ngozi ya mkono wangu na nikausikia ulipoacha. Nimemzika nyuma ya karakana, chini ya mparachichi.

Daktari wa Ng'ombe, maswali yako yameninyima amani, na majibu yake ni haya. Wiki ya tatu ya mimba Tausi alipata fangasi shingoni, mashilingi makubwa. Nikaenda duka la dawa nikanunua griseofulvin, zile vidonge wanazopewa watoto wa shule, nikampa siku kumi. Mwenye duka hakuuliza na mimi sikusema ana mimba. Na dume ni wa rafiki yangu wa Njiro, mzuri sana, ila baba yake ndiye baba wa Tausi. Niliona ni faida, damu safi.

Daktari wa Ng'ombe

Asante kwa kusema wazi, wengi huficha. Griseofulvin haipewi mbwa mwenye mimba, inaharibu watoto tumboni, na kaakaa hufunga karibu na wiki ya nne, yaani hapo hapo ulipokuwa unampa. Kupandisha ndugu wa baba mmoja nako huleta kasoro hizi, maana mbegu mbovu iliyojificha kwa baba inakutana na pacha wake kwa mtoto. Vyote viwili vyatosha. Wengine wanaosoma hapa waandike pembeni: jike mwenye mimba hapewi kidonge chochote bila kumuuliza daktari, iwe ya fangasi, ya minyoo, ya viroboto au vitamini. Vitamini A ikizidi nayo huleta ufa huo huo.

Sasa kuhusu Pendo. Mpime kila siku saa ile ile, uandike. Mtoto mzima huongezeka asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa siku. Akisimama siku moja si neno. Akishuka siku mbili mfululizo, au akianza kuhemea tumbo, ujue mapafu yameguswa.

Kijana wa Tegeta

Mkuu maziwa gani unampa? Huku kwetu watu wanatia maziwa ya ng'ombe na maji.

Fundi wa Sakina

Usitie maji kabisa. Daktari kanieleza kwamba maziwa ya mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe. Sasa ukiyaongeza maji unampa nini? Usiku wa kwanza nilitumia maziwa mazima na kiini cha yai kwa dharura, kesho yake nikapata unga wa maziwa ya watoto wa mbwa hapa mjini. Pia namkamua Tausi kidogo kidogo. Amezoea, ananyoosha mguu kabisa.

Kitu ambacho sikujua: mtoto huyu hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama ndiye humlamba mpaka atoe. Kwa hiyo kila baada ya maziwa nachukua pamba, nalowesha maji ya vuguvugu, nampangusa taratibu pale chini, anatoa. Binti yangu ndiye fundi wa kazi hiyo kuliko mimi.

Daftari langu: siku ya tatu gramu 349. Ya nne 361. Ya tano 380, karudi alipoanzia. Ya saba 431. Ya tisa 490. Naandika hapa kwa furaha kwa kweli. Anapomaliza kula anaweka mdomo kwenye mkunjo wa kiwiko changu na kulala hapo.

Mzee wa Usa

Hongera kijana. Nafuatilia kila siku.

Fundi wa Sakina

Wakuu, leo ni siku ya kumi na sita. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuandika.

Mchungaji aliniuliza nani ataamka saa tisa usiku ya siku ya kumi. Nilikuwa mimi, na sikuamka vizuri. Umeme ulikatika usiku ule, taa ya vifaranga ikazima, mke wangu alikuwa msibani Babati. Nilimlisha Pendo, nikamwona anatetemeka, nikasema nimlaze kidogo kwenye tumbo la Tausi apate joto, nitamtoa. Nilipokuja kushtuka ni saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa kwenye chuchu, na maziwa yamekauka puani.

Siku ya kumi na moja alikuwa sawa kidogo. Ya kumi na mbili akashuka gramu 20, na nikimweka sikioni nasikia mlio kama karatasi inakunjwa. Daktari akampa antibayotiki, na akaniambia taratibu kwamba mapafu yote mawili yameguswa, kwamba nifikirie. Sikutaka kufikiria. Nilikaa naye siku tatu zaidi. Macho yalikuwa yameanza kufunguka, jicho la kushoto tu, na nikajidanganya kwamba anayefungua jicho hafi. Siku ya kumi na tano alikuwa anahema mdomo wazi, ulimi umegeuka rangi. Ndipo nikampeleka.

Zile siku tatu zilikuwa zangu, hazikuwa zake. Nilikuwa namweka hai ili mimi nisiwe yule aliyelala. Nawaambia kwa sababu mtu mwingine atakuja kusoma uzi huu na mtoto mwenye kaakaa mkononi: kulea ni sawa, mimi sijutii usiku hata mmoja wa zile kumi. Lakini kabla hujaanza kaa na daktari, mwandike pamoja ni dalili ipi ikitokea mtaacha, na iwe imeandikwa wakati bado una akili zako. Kuhema tumbo siku nzima. Uzito kushuka siku mbili. Mimi nilikuwa na daftari, dalili hizo nilikuwa nimeambiwa humu humu, nikazisoma kwa mkono wangu nikageuza ukurasa.

Mama Nuru wa Tanga

Mwanangu, pole. Pole sana, na mpe pole binti. Mwambie bibi wa Tanga kamlilia Pendo.

Mchungaji Nakuru

Pole sana ndugu. Kosa lile nusura nilifanye mimi pia, tofauti ni kwamba dada yangu alikuwa macho.

Fundi wa Sakina

Asanteni. Na bado sijamaliza, kuna jipya. Wa sita kuzaliwa, dume, mnene kuliko wote, wenzake wameanza kujiinua kwa miguu na yeye hawezi. Amelala kifua chini kama chapati, miguu ya nyuma imekwenda pembeni huku na huku, anasogea kwa kusukuma sakafu. Kifua kimebapa. Msaidizi mmoja pale nilikompeleka Pendo kamwona kwenye simu akasema na huyu hafai, ni ukoo mbovu, mmalize mapema kabla binti hajampa jina. Kwa uchovu niliokuwa nao, wakuu, nilisema sawa. Nimepanga kesho.

Daktari wa Ng'ombe

Fundi, kesho usiende popote. Nipigie video sasa hivi ujumbe wa ndani.

Daktari wa Ng'ombe

Nimemwona, naweka picha na maelezo hapa ili wengine wafaidike. Ananyonya, anameza, anatoa haja, anapumua vizuri, na ukimbana kidole cha mguu anauvuta. Huyo ana hali ya miguu kutawanyika, wengi wao wakishughulikiwa mapema husimama. Sakafu yako nimeiona ni vigae, anateleza kama yuko juu ya sabuni, na ni mnene, uzito wote umekandamiza kifua. Leo hii mhamishie juu ya zulia gumu au godoro la sponji lenye matuta. Funga miguu ya nyuma kwa plasta laini isiyovuta manyoya, kwa umbo la namba 8, iachane kwa upana wa nyonga zake tu, isikaze damu. Badilisha kila siku mbili tatu. Mkande miguu mara tano sita kwa siku, dakika chache chache. Akilala mgeuze ubavu. Wape wenzake nafasi ya kunyonya kwanza, huyo amezidi. Anza sasa akiwa na wiki mbili na nusu, mifupa bado laini. Ukingoja hadi wiki ya sita itakuwa imeshakauka hivyo.

Mama Nuru wa Tanga

Nimeiona hiyo picha. Hata sisi huku tunamjua huyo. Ni kasa! Anavyopiga mchanga kurudi baharini ndivyo hivyo hivyo.

Fundi wa Sakina

Binti kasikia. Anaitwa Kasa sasa, na sindano nimeifuta.

Fundi wa Sakina

Wiki ya nne. Nimemtengenezea kijia karakanani, mbao mbili zimesimama kulia na kushoto, upana wa mwili wake, chini nimegongomea zulia. Akitembea humo miguu haina pa kukimbilia. Jioni binti anamwogelesha kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kamshika chini ya kifua, anapiga miguu yote minne humo kwa chini yake, jambo ambalo nchi kavu hawezi. Jana amesimama. Nimehesabu hadi saba, akaanguka kwa kidevu, akainuka tena bila kuitwa.

Fundi wa Sakina

Wiki ya saba. Plasta zilitoka wiki mbili zilizopita. Kasa anatembea, anakimbia, nyuma anarusha makalio kidogo upande wa kushoto akikata kona. Kilo 5 na gramu 900. Kifua kimejaa mviringo. Huyu simuuzi.

Wale watano wengine wamepata watu. Nilimwambia kila mnunuzi ukweli wa wazazi wao na yaliyotokea kwenye uzao huu. Mmoja akaondoka, wanne wakachukua, wa tano kachukuliwa na rafiki yangu wa Njiro, ambaye naye kaahidi dume lake halipandi tena watoto wa baba yake. Tausi atafungwa kizazi akimaliza kukauka maziwa. Rafiki yangu alinishawishi nimpe nafasi moja zaidi kwa dume wa nje, na nimekataa. Zile kaburi mbili chini ya mparachichi zinatosha.

Mzee wa Usa

Kijana, nilisema mama ndiye anayejua. Huyo Kasa mama yake alikuwa anamsukuma?

Fundi wa Sakina

Hapana Mzee. Huyo alikuwa anamlamba kuliko wote.

Kijana wa Tegeta

Wakuu samahani nafufua uzi. Jike wangu kazaa leo saa kumi jioni, mmoja maziwa yanamtoka puani na anapiga chafya. Niko peke yangu. Nifanyeje?

Fundi wa Sakina

Niko hapa, sijalala. Mtoe kwenye chuchu kwanza, mweke kwenye taulo karibu na chupa ya moto. Mguse mdomo kwa ndani, ni wa moto au wa baridi? Halafu mpime, hata kwa mizani ya dukani kwa jirani, uandike namba. Halafu unipe simu ya daktari aliye karibu nawe, tupange naye usiku huu huu.